Kombora lililomuua bibi yetu Kisangani mwaka 2000 lilikuwa la nani?

MwanaBoyoma

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nimeuahirisha miaka mingi. Kila ikifika Juni naandika mistari mitatu, nafuta. Safari hii nimeamua kuumaliza, kwa hiyo naomba mnivumilie maana ni mrefu na nitauleta kwa vipande.

Mimi ni mzaliwa wa Kisangani, Kongo, komini ya Tshopo. Sasa naishi Dar, nauza vipuri vya pikipiki. Jumatatu ya tarehe 5 Juni 2000 nilikuwa na miaka 11. Wakati huo mji wetu ulikuwa na majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda katikati ya mji na la Uganda upande wa kaskazini, ng'ambo ya mto Tshopo. Waliingia Kongo pamoja Agosti 1998 kama marafiki, lengo lao kumwondoa rais wetu, mzee Laurent Kabila. Baada ya mwaka mmoja tu walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe ndani ya mji wetu, Agosti 1999, kisha Mei 2000, kisha hiyo Juni ambayo kwetu inaitwa Vita vya Siku Sita. Mji ulio mamia ya kilomita kutoka mpaka wa Uganda, na wa Rwanda vilevile. Kilichokuwa kinawaita huko kila mtoto wa Kisangani alikijua: maduka ya kununulia almasi yalikuwa yamejipanga mjini, na aliyeshika mji ndiye aliyeshika biashara.

Daraja la Tshopo liko jirani na kwetu. Wanaotoka kaskazini kuja mjini lazima walipite, na wanaowazuia lazima walilinde. Sisi tulikuwa katikati.

Mama alisogeza vitanda viwili vikagusana, akarundika magodoro yote juu, sisi watoto watano tukaingia chini. Mchana tulikula muhogo mbichi. Maji tuliyokuwa nayo ni ya pipa moja, mama akatupimia kwa kikombe cha plastiki chenye mpini uliovunjika, kila mtu nusu kikombe asubuhi na nusu jioni. Siku ya tatu kulitulia kidogo, labda saa nzima. Koko (ndivyo tunavyomwita bibi) akasema anatoka kuwasha moto atuchemshie pondu (kisamvu), watoto hawawezi kuishi kwa muhogo mbichi. Kwetu jiko ni kibanda cha nje, hatua kama kumi kutoka mlangoni.

Makombora yana mluzi. Kufikia siku ya tatu hata mdogo wetu wa miaka minne alikuwa ameshajua kuutofautisha, huu unakwenda mbali, huu unashuka. Lile la koko hatukusikia mluzi wake. Mfuniko wa sufuria tuliuokota baadaye uwanjani kwa jirani, umekunjika katikati kama chapati.

Makaburini hakuendeki barabara ikiwa inapita risasi. Baba na jirani yetu mmoja mwenye toleka (zile baiskeli za kubeba abiria, kwetu ndizo zilizotangulia bodaboda) wakachimba nyuma ya nyumba, chini ya mti wa safu (mti wa matunda wa kwetu). Jeneza halikuwepo, tukamfunga kwenye mkeka wake wa kulalia. Baba alichimba amepiga magoti, maana ukisimama unaonekana.

Miaka 11 nilikuwa na swali la kitoto, na bado ninalo: lile kombora lilikuwa la nani? Mama ukimwuliza anajibu kwa Kiswahili chetu cha kule: "Sijuwe bombe ilitokeaka wapi. Ilitokeaka juu."

Naendelea.

---

Mama_Uji

Pole sana kaka yangu. Nimesoma hapo kwenye mfuniko nikaweka simu chini kwanza. Endelea, tuko hapa.

---

Mlimani_Zamani

Mkuu, pole. Kwa faida ya vijana humu niongeze kitu kinachotuhusu Watanzania moja kwa moja. Kundi la waasi lililoundwa mwaka 1998, RCD, kiongozi wake wa kwanza alikuwa Profesa Ernest Wamba dia Wamba, aliyekuwa anafundisha historia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wa rika langu tulikaa kwenye madarasa yake. Alikuwa mtu wa hoja, mpole, wala hakuwa na sura ya mtu wa bunduki. Kundi lilipopasuka mwaka 1999 yeye akahamia Kisangani chini ya mwavuli wa Uganda, wenzake wakabaki Goma na Rwanda. Nilijiuliza sana wakati ule msomi wa kiwango kile aliamini nini hasa. Labda aliamini angeyatumia majeshi, kumbe majeshi ndiyo yaliyomtumia.

---

MwanaBoyoma

Asante mzee wangu Mlimani. Mimi nilimwona mara moja tu akipita kwa gari, watu wakanong'ona "Profesa huyo". Ni kweli alikuwa mpole. Upole wake haukutusaidia.

Sasa niwaambie kwa nini swali la kombora ni la nani si la kitoto tena.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010, ile iliyopitia uhalifu mkubwa wa Kongo wa kati ya 1993 na 2003, imeandika kwamba katika siku hizo sita raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, waliojeruhiwa ni zaidi ya 1,000, na nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa. Angalieni hiyo nafasi kati ya 244 na 760. Ndani yake kuna watu 516 ambao hakuna mwenye uhakika kama waliwahi kufa. Koko yangu nadhani yumo humo, kwa sababu hakufika hospitali wala makaburini. Yupo chini ya safu.

Baraza la Usalama halikuchelewa kusema. Tarehe 16 Juni 2000, siku chache tu baada ya mizinga kunyamaza, lilipitisha azimio namba 1304. Liliyataka majeshi yote mawili yaondoke Kisangani, na likaandika wazi kwamba serikali za Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia kwa roho za watu na mali walizoharibu. Serikali zote mbili zilitajwa kwenye sentensi moja. Naomba mkumbuke hilo.

Kabla ya hapo, Juni 1999, Kongo ilikuwa imeshazishtaki Uganda, Rwanda na Burundi katika Mahakama ya Haki ya Kimataifa kule The Hague. Kesi za Rwanda na Burundi ikaziondoa, ya Rwanda ikairudisha upya mwaka 2002. Ya Uganda iliendelea, na hukumu ikatoka tarehe 19 Desemba 2005: Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa kuingia kijeshi nchi ya watu, iliikalia kwa mabavu Ituri, eneo la Kongo lililo mpakani na Uganda, askari wake waliua, walitesa na walipora. Ile ya Rwanda ilitupwa tarehe 3 Februari 2006. Mahakama haikusema Rwanda haina kosa. Ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi, kwa sababu Rwanda haijawahi kukubali kushtakiwa pale.

Uganda ilikuwa imekubali mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru. Karatasi ile iliyotiwa saini wakati wa Obote ndiyo iliyomfunga Museveni miaka 40 baadaye.

Kwa hiyo wakuu, kama kombora la koko lilirushwa kutoka ng'ambo ya daraja, kuna mahakama, kuna hukumu, kuna pesa. Kama lilirushwa kutoka mjini, hakuna. Kipande cha chuma kilekile, kibanda kilekile. Mahakama ilipokuja kupiga hesabu ya Kisangani iliitazama sehemu ya Uganda tu, ya Rwanda haikuigusa.

---

Goma_Lava

Hapo ndipo ninapokereka na nyuzi za namna hii. Miaka nenda rudi Uganda, Uganda. Rwanda je? Sisi wa Goma mwaka 2025 tumeuona mji ukichukuliwa tena na waasi wa M23 na kila mtu anajua nani yuko nyuma yao. Unampiga aliyekubali kwenda mahakamani, aliyekataa unamwacha!

---

MwanaBoyoma

Ndugu yangu wa Goma, hasira yako ni yangu pia, na umesema lile lile nililokuwa nakuja kulisema. Anayetia saini anaadhibiwa, asiyetia saini yuko huru. Mimi sioni hilo kama sababu ya kumsamehe aliyetia saini. Naliona kama sababu ya kulirudia lile azimio 1304 kila Juni, kwa sababu limewataja wote wawili, na mpaka leo Rwanda haijalipa hata senti moja kwa ajili ya Kisangani. Asiyewajibishwa kwa vita vya kwanza huenda vya pili akiwa mwepesi zaidi. Nyinyi wa Goma ndio mliolipia hilo mwaka 2025.

---

Askari_Mstaafu

Kijana, pole kwa msiba. Mimi nilikuwa Kagera 1978, nikafika Kampala Aprili 1979. Nataka nikuulize kwa heshima. Na sisi tuliingia nchi ya watu. Hakuna aliyetupa kibali. Tofauti iko wapi? Maana Uganda nayo ilisema inajilinda na ADF, waasi wa Kiganda waliokuwa wanavuka kutoka Kongo, na ni kweli ADF walikuwa wanaua watu upande wa Kasese. Nchi haina haki ya kufuata adui?

---

MwanaBoyoma

Shikamoo mzee.

Swali lako ndilo lililoulizwa The Hague, na nitakujibu kwa namna nilivyoelewa. Amin aliivamia Kagera Oktoba 1978 na akatangaza kwamba ni yake. Jeshi la nchi liliingia nchi nyingine, likaonekana, likajitapa. Mwalimu alihutubia taifa, kila Mtanzania akajua kwa nini watoto wake wanakwenda. Kuna wanaobishana mpaka leo kama ilikuwa lazima kufika Kampala, na ni sawa wabishane, lakini mwanzo wa vita unajulikana.

Uganda 1998 ilisema inajilinda na ADF. Mahakama haikukubali. Haikuthibitika kwamba serikali ya Kinshasa ndiyo iliyowatuma hao waasi. Na majaji wakaongeza jambo ambalo hata mtu asiyesoma sheria analiona: kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakuonekani kulingana na hayo mashambulizi ya mpakani. ADF walikuwa milimani Ruwenzori. Sisi tuko kwenye kona ya mto Kongo. Unamfukuza mwizi aliyeingia kwa jirani wa pili, unaishia kulala chumbani kwa mtu mtaa wa saba?

Na kuna hili, mzee, ambalo kwangu ndilo kiini cha uzi. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 210, inalipa Bunge kazi ya kutunga sheria za kupeleka majeshi nje ya nchi. Mwaka 1998 jeshi lilivuka bila Bunge kuulizwa kwanza. Hakuna mbunge aliyenyoosha mkono. Kwa hiyo ukitafuta leo nani alisema ndiyo, hupati orodha. Unapata mtu mmoja tu, Rais.

---

Askari_Mstaafu

Nimekuelewa. Marahaba. Endelea.

---

Mlimani_Zamani

Niingilie kidogo hapo kwenye orodha. Uingereza kabla ya kuingia Iraki walipiga kura bungeni, tarehe 18 Machi 2003, 412 wakasema ndiyo na 149 hapana. Majina yapo. Baadaye ikaundwa tume ya Chilcot mwaka 2009, ikaja na ripoti Julai 2016, maneno milioni 2.6, na ikasema wazi kwamba njia za amani zilikuwa hazijamalizwa vita vilipoanza. Waziri mkuu wao, Tony Blair, hakushtakiwa popote. Nauliza tu: orodha iliwasaidia nini Wairaki?

---

MwanaBoyoma

Wairaki haikuwasaidia, mzee wangu, na sitadanganya kwamba iliwasaidia. Lakini mwalimu wa Basra leo anaweza kufungua karatasi akasoma jina la kila aliyenyoosha mkono. Mama yangu hana hata hicho.

Na Uganda, lazima niseme haki yake, ilijichunguza. Umoja wa Mataifa ulipotoa ripoti ya uporaji mwaka 2001, Kampala iliunda tume chini ya Jaji David Porter. Wengi tulidhani ni ya kupaka chokaa. Ikaja kuwa, majaji wa The Hague waliitumia sana ripoti ya Porter, kwa sababu ni tume ya Uganda yenyewe iliyowahoji maafisa wa nchi hiyo chini ya kiapo. Ndani yake imo habari ya Jenerali James Kazini, kamanda wa majeshi ya Uganda Kongo, kwamba aliiunga mkono kwa dhati kampuni iliyokuwa inapitisha almasi za magendo kupitia Uganda, na kwamba ni vigumu kuamini hakuwa anapata chochote. Tume haikukuta sera ya serikali ya kupora. Ilikuta watu.

Hao watu wakafanywa nini? Kazini baada ya Kisangani alipanda, akawa mkuu wa jeshi zima mpaka 2003. Alikufa 2009 bila kupandishwa kizimbani kwa ajili ya mji wetu. Mahakama ya Uhalifu ya Kimataifa (ICC) haingeweza kumgusa kwa ile Juni hata ingetaka, maana mamlaka yake yanaanza Julai 2002. Miaka miwili na mwezi mmoja. Koko alikufa mapema mno.

---

Dereva_Malaba

Mimi ni Mganda, naendesha lori, nimefika Bunia, kule Ituri, mara nyingi. Nimesoma kimya mpaka hapa. Bwana Boyoma, nakupa pole kutoka moyoni, na naomba na sisi utuone. Kaka yangu mkubwa alikuwa jeshini. Alirudi 2001 na mguu mmoja. Aliambiwa anakwenda kulinda mpaka. Hakuna tume iliyowahi kumwita aseme aliona nini. Sasa tunaambiwa Uganda ilipe mamilioni ya dola. Nani Uganda? Mimi nikinunua dizeli nalipa kodi, mke wangu akinunua sukari analipa kodi. Almasi hatukuziona. Deni ndilo tumeliona.

---

MwanaBoyoma

Ndugu yangu Dereva, asante kwa kuja. Nilikuwa nakusubiri, yaani nilikuwa nasubiri mtu kama wewe.

Wacha niweke hesabu mezani, kila mtu aione. Hukumu ya 2005 ilisema nchi mbili zikae zielewane kiwango cha fidia. Wakakaa miaka kumi bila kuelewana. 2015 Kongo ikarudi mahakamani, ikaja kudai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikatoa dola milioni 325: 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Zilipwe kwa awamu tano za milioni 65, kuanzia Septemba 2022, ya mwisho Septemba 2026. Serikali ya Uganda ikasema hukumu si ya haki, lakini ikaanza kulipa.

Milioni 225 kwa watu. Humo wamo waliouawa, waliobakwa, watoto waliopewa bunduki, na malaki waliokimbia makwao. Kongo ilisema waliokufa ni 180,000. Majaji wakasema ushahidi walioletewa unaonyesha kati ya 10,000 na 15,000. Hebu fikirini: hata kama pesa yote ya watu wangepewa waliofiwa peke yao, bila waliobakwa, bila wakimbizi, kwa hesabu ya chini kabisa ya waliokufa, watu 10,000, ni dola 22,500 kwa roho moja. Na haikuwa hivyo.

Sasa anayelipa ni nani? Ni dizeli yako na sukari ya shemeji. Ndugu yangu, umesema kweli tupu. Wewe na mama yangu mmesimama ncha mbili za deni moja, na aliyelikopa hayupo kwenye picha. Alipaswa kuwepo. Zile milioni 60 za maliasili, nchi ya Uganda inazilipa kwa mali iliyoingia mifukoni mwa watu ambao Porter aliwataja kwa majina. Kwa nini hazina ya Uganda haikuwafuata hao kwanza? Hilo ni swali la Bunge lenu, na mimi Mkongo siwezi kuwaulizia.

Na upande wetu ndiyo aibu kubwa zaidi, naiandika mikono ikitetemeka. Serikali ya Kinshasa iliunda mfuko maalumu wa kuwagawia waathirika, FRIVAO, makao yake Kisangani. Watu wakapanga foleni. Mwaka 2025 waziri wa sheria, Constant Mutamba, alilazimika kujiuzulu, na Septemba mwaka huo akahukumiwa miaka 3 ya kazi za shuruti kwa habari ya dola milioni 19 zilizotolewa kwenye fidia hiyo eti kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana. Mimi sibishani na mahakama wala naye. Ninachouliza ni kilichotangulia wizi: nani alikaa mezani akaona kwamba kilio cha watu waliobomolewa nyumba kinafutwa kwa kujengewa gereza?

---

Mama_Uji

Gereza. Mungu wangu. Na mama yako kaka, ameshaandikisha?

---

MwanaBoyoma

Hajaandikisha dada. Kuna kijana wa mtaani alipita na fomu, anawasaidia watu kuzijaza. Alimwuliza mama cheti cha kifo cha koko. Mama akamwonyesha mti. Kijana akasema mti hauna muhuri. Hakusema kwa ubaya, nadhani hata yeye alichoka. Kuna sehemu nyingine ya fomu inauliza madhara yalisababishwa na jeshi gani. Mama alirudisha karatasi, akasema hawezi kuapa jambo asilolijua.

Nirudi kwenye kitu ambacho Dereva amekigusa kwa kuitaja Bunia, maana watu wanadhani vita vile viliisha askari walipoondoka 2003.

Juni 1999 Kazini huyohuyo aliimega Ituri, akaifanya jimbo jipya la Kibali-Ituri, akamteua gavana. Jenerali wa nchi nyingine anaunda jimbo ndani ya nchi ya watu! Gavana aliyemweka alikuwa wa kabila la Wahema, wakati Wahema na Walendu walikuwa wameshaanza kugombana kwa ajili ya ardhi. Ugomvi wa mashamba ukapata serikali, kisha ukapata bunduki, kisha wakubwa wa Kampala wakafundisha na kubadilisha makundi, leo huyu, kesho yule. Waliondoka, bunduki zikabaki. Thomas Lubanga, mkuu wa kundi moja la wapiganaji wa Ituri, akawa mtu wa kwanza kabisa kutiwa hatiani na ICC, mwaka 2012, kwa kuwaingiza watoto vitani. Akapewa miaka 14. Bosco Ntaganda, kamanda wa kundi hilohilo, akapewa 30. Ni sawa, walistahili. Lakini waliohukumiwa wote ni Wakongo. Kati ya waliowapa silaha hakuna hata mmoja.

Ituri ya leo bado inazika. CODECO, wapiganaji wa upande wa Walendu, wanaua wakimbizi kambini, wa upande wa Wahema wanalipiza. Mtoto aliyezaliwa Djugu mwaka ule wa 1999 sasa ana watoto wake, nao wanalala chini ya turubai. Na hapa kwetu Tanzania, kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, kuna Wakongo waliofika na vita vya 1996 na bado wapo. Nimewahi kufika. Nilikutana na bibi mmoja wa Kivu anayemwagilia mchicha kwa kopo lililotobolewa, akaniuliza Kisangani kama treni bado ipo. Nilishindwa kumjibu, nikamsaidia kuchota maji.

---

Dereva_Malaba

Bunia ukilala usiku unazisikia bunduki. Wenyeji wanaendelea kula kama kawaida. Hilo ndilo lililonitisha.

Swali moja ndugu. Askari wetu wako tena Kongo tangu 2021, Operesheni Shujaa. Safari hii Kinshasa wenyewe wamewaita. Wewe unaonaje?

---

MwanaBoyoma

Naona tofauti na naiheshimu. Wamealikwa, na ADF wanaua watu Beni kwa mapanga, sitaki kumnyima mtu wa Beni ulinzi kwa sababu ya kidonda changu. Ila ndege zilianza kupiga tarehe 30 Novemba 2021, na wabunge wa Kampala walipewa maelezo baadaye, wakalalamika. Miezi miwili na kitu mbele yake ikaja ile hukumu ya milioni 325. Yaani bili ya safari ya kwanza imefika mezani wakati safari ya pili imeshaanza, na Bunge limerukwa vilevile. Ndugu yangu Dereva, ukiwa na mbunge unayemjua mwulize: ikitokea kosa safari hii, nani ametia saini? Apate jina moja tu lililoandikwa.

---

Goma_Lava

Mkuu nimetulia sasa. Nilikuja kwa jazba, samahani. Mwambie mama aandikishe. Hata kama pesa haitafika. Jina la koko liingie kwenye daftari, litoke kwenye ile nafasi ya 244 na 760.

---

Askari_Mstaafu

Naunga mkono. Nami nilizika wenzangu Kagera, lakini makaburi yao pale Kaboya yana majina. Mzazi akienda anasoma. Mwambie aandike.

---

MwanaBoyoma

Wakuu, nimerudi. Jana usiku nilimpigia mama, nikamsomea uzi huu wote kwenye simu, na maneno yenu nikamsomea moja moja. Muda wa maongezi uliisha mara mbili. Nilipofika kwenye maneno ya Dereva akaniambia nimwulize yule kaka mwenye mguu mmoja anaendeleaje, na kama ana watoto. Kwa hiyo Dereva, unadaiwa jibu.

Kuhusu fomu amekubali. Jirani yetu wa toleka bado yuko hai, naye ataapa kwamba alichimba kaburi, hiyo itakuwa badala ya cheti. Watakwenda Jumatatu. Ile sehemu ya jeshi gani, mama amesema ataiacha wazi. Kijana akimwambia fomu isiyojazwa yote haipokelewi, atakaa pale pale kwenye benchi mpaka mtu amwambie ni la nani.